Jina la Mlangoni

Nawaandikia ninyi wenye mimba, na waume wenu pia, maana waume ndio wanaopenda kurudi nyumbani na majina. Kabla hujampa mtoto jina la Kizungu, simama mlangoni kwako ulitamke kwa sauti ya hasira, kisha jiulize majirani wamesikia nini. Mimi sikufanya hivyo, na nusura mwanangu akose mke.

Mtoto ninaye mmoja tu, wa kiume. Kwenye cheti chake ameandikwa Dean. Wenye lugha yao wanalitamka Dini, na sisi tukalitamka hivyo hivyo, kwa kuwa mume wangu alilisikia kwa masikio kabla hajalisoma. Nyumbani kwangu, basi, Dini ni mtu. Anakula, analala, na asipoamshwa anachelewa.

Mume wangu ni fundi wa vitasa chuoni. Chuo kile kina milango mingi na wanafunzi wana haraka, kwa hiyo kazi haimwishii. Wakati mimba yangu ilipokuwa kubwa, alikuwa akiitwa mara kwa mara kwenye ofisi moja ya ghorofa ya pili, yenye mlango mzito wa mbao na kibao cha shaba chenye herufi nne: DEAN. Wafagizi, makarani na walinzi, wote walimtaja mtu wa humo ndani kwa jina moja. Dini amefika. Dini leo kanuna, piteni nyuma. Fundi, kitasa cha Dini kimekwama tena. Mume wangu akaona kibao, akasikia watu, akajumlisha. Huyu bwana anaitwa Dini.

Na bwana mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Fundi akitoboa mlango, yeye alimshikia taa. Siku niliposhikwa na uchungu, mume wangu alipigiwa simu akiwa kwenye mlango ule ule, bisibisi mkononi. Yule bwana akafunga jalada lake, akachukua funguo za gari lake mwenyewe, akampeleka hospitali. Hakumshusha getini akaondoka. Alikaa naye kwenye benchi mpaka muuguzi alipotoka kuwaambia ni mvulana. Mtu mkubwa vile, kwenye benchi la mbao lililopinda.

Mume wangu aliingia wodini na jina tayari mdomoni. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema majina ya Kizungu hayana maana, yana uzito. Nilikuwa nimetoka kushonwa, na mtu aliyetoka kushonwa habishani. Nikasema haya.

Baada ya miaka michache yule bwana aliondoka chuoni, akaja mama mmoja kukaa ofisi ile. Mume wangu akarudi nyumbani amefurahi. Akaniambia binti wa Dini ndiye ameshika kazi ya baba yake, naye wanamwita Dini vile vile, na ukimtazama vizuri paji la uso ni lile lile. Baadaye akaja bwana mfupi. Mume wangu akasema ukoo huu Mungu kaujalia, kazi haitoki nje ya nyumba. Huyo mfupi, mume wangu akamfikishia salamu zangu. Wa baada yake naye akamfikishia. Mtaniuliza kwa nini hapakuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Watu huambiana wasiyoyajua; linalojulikana na wote, nani atapoteza mate yake kulisema?

Kliniki ndiko nilikoanza kuogopa. Muuguzi aliniuliza jina la mtoto, nikasema Dini. Akasema, mama, dini nitauliza baadaye, kwanza jina. Nikamwambia ndilo hilo. Akainama akaninong'oneza kama kuna mtu nyumbani ananilazimisha.

Mtoto alipoanza kukimbia akanipotea sokoni. Nilizunguka kati ya meza za nyanya nikilia, nimepoteza Dini, jamani, nisaidieni, nimepoteza Dini. Mzee mmoja mwenye heshima zake akanishika mkono, akanikalisha juu ya kreti, akaanza kunipa mawaidha mazuri sana. Akaniambia nisikate tamaa, wengi wamepotea na wamerudi wakiwa na nguvu kuliko mwanzo, mimi nitulie tu moyoni. Nikamwambia amevaa kaptula ya buluu. Mzee akanitazama kwa muda, akaachia mkono wangu, akaenda zake. Mtoto tulimkuta kwa muuza vitumbua, anakula.

Shule ya msingi niliimaliza, na kanuni hii naijua: mtu ni *a*, kitu ni *i*. Dini amekula, huyo ni mwanangu. Dini imekataza, hiyo ni ile nyingine. Ukisema taratibu hukosei. Ila mtu mwenye hasira hachagui viambishi, na kuna sentensi ambazo hata ukitaka kukiweka hicho kiambishi, pa kukiweka hapana.

Mwanangu akakua, akawa fundi wa friji. Wateja wanamwita Fundi Baridi, na nilishukuru kimoyomoyo, nikajua sasa lile la chuoni litajifia lenyewe. Akampenda binti mmoja anayeuza kwenye duka la vitabu, msichana mpole lakini macho yake yanahesabu kila kitu. Kwao naye alijulikana hivyo hivyo kuwa ni Fundi Baridi. Baba wa binti kazi yake ni kupima mizani za wafanyabiashara. Huingia dukani na mawe yake ya kupimia, akikuta kilo yako imepungua anakufungia mizani, na hata kama ni shemeji yake anakufungia. Mtu wa ibada, hakosi. Akasema kijana hana neno naye, lakini kwanza nyumba itazamwe.

Aliyetumwa kututazama ni shangazi wa binti. Alikuja kama mteja, maana mimi nashona. Alikuja na sketi ya kuongezwa kiuno. Lakini kabla hajabisha hodi alisimama kidogo barazani kusikiliza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Siku hiyo mwanangu alikuwa ameniletea friji nyingine ya watu, ya tatu, ameiegemeza kwenye cherehani yangu, halafu akatoweka. Sikuweza kukaa wala kupitisha kitambaa. Mume wangu alikuwa chumbani anakula. Nikaanza naye kutokea huku huku. Nayaandika maneno yangu kama yalivyotoka, mjionee.

"Nimechoka na Dini," nilisema. "Tangu nianze kuhangaika na Dini sijaona faida. Bora ningekaa bila Dini, ningefuga kuku. Na wewe ndiye uliyeniletea."

"Dini tulikubaliana wote," mume wangu akajibu, mdomo umejaa. "Achana na Dini, njoo ule."

Nilipotoka nje nikakuta sketi imewekwa juu ya ngazi, kiuno kimewekwa alama ya chaki, mwenyewe hayupo. Nikadhani ni mteja wa haraka. Nikaiongeza kiuno.

Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwanangu, umeandikwa na mpima mizani mwenyewe. Alisema dada yake, aliyeacha sketi kwetu, amemweleza aliyoyasikia, na kwamba hana ubaya na kijana. Ila hawezi kumtoa binti yake kwenda kwenye nyumba ambayo baba na mama wanashauriana kuacha dini huku wanakula.

Mwanangu alinisomea mara moja tu. Hakunigombeza. Aliondoa friji zote tatu kwenye chumba changu, akazipanga uani, akazifunika turubai. Kisha akakaa juu ya kreti mbele ya friji hizo, mikono imelala mapajani. Chakula nilichompelekea nilikikuta vile vile, kimeota ngozi. Mama unaweza kuvumilia mtoto akikupigia kelele. Mtoto akikunyamazia, hapo ndipo unatafuta viatu vyako. Alishaniambia zamani kwamba asipokuwa huyu hatatafuta mwingine, na namjua, si mtu wa kusema kwa ajili ya kusema.

Nikavaa, nikamvalisha mume wangu shati la mikono mirefu, tukaenda kwa mpima mizani kuomba kusikilizwa. Mwanangu tulimchukua, lakini tulipofika wakasema kijana angoje nje kwanza, watu wazima wazungumze. Akabaki ng'ambo ya barabara, penye vijana wanaoosha magari.

Sebule yao ni safi. Kwenye rafu kuna mizani ndogo za shaba na mawe yake yamepangwa kwa ukubwa, kama watoto wanaopigwa picha. Mpima mizani alikaa wima. Shangazi alikaa pembeni na mkoba magotini. Nikampa sketi yake kabla ya yote, akaipokea, akatazama mshono, akasema kazi ni nzuri. Halafu nikaeleza. Niliwaambia Dini ni jina la mwanangu, na kwamba siku ile ugomvi ulikuwa ni friji.

Nilimwona shangazi anayarudia maneno yale kichwani, neno kwa neno, midomo ikimcheza. Alipofika kwenye kuku akainama ghafla, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mabega yalikuwa yanamtingishika.

Nikasema moyoni tumepona. Kumbe ndiyo kwanza.

"Hilo nimelielewa, mzazi mwenzangu," mpima mizani akasema. "Na nawaomba radhi. Sasa nina tatizo jingine. Siku ya harusi mimi ndiye nitakayesimama mbele za watu. Nitasema nini? Binti yangu anaolewa na Dini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Watu watajua ameacha dunia, ameingia utawa. Watanipa pole. Wakigombana, Mungu apishe mbali, akarudi hapa siku mbili, mtaa mzima utasema ameacha Dini. Na akija kuolewa na mwingine?"

"Amebadili Dini," shangazi akasema kutoka ndani ya mkoba.

Nilipendekeza Fundi Baridi, tumtaje hivyo, watu wote wanamjua hivyo. Akatikisa kichwa. Alisema yeye anafungia watu biashara kwa gramu, hawezi kusimama mbele ya watu na lakabu. Atataja jina la cheti au hatataja kitu. Na asipotaja, hapana ndoa. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza kwa upole kabisa jina hilo walilitoa wapi.

Mume wangu alikuwa anangoja aulizwe. Akasimulia yote: mlango, kibao cha shaba, taa, gari, benchi. Akasimulia binti aliyeshika kazi ya baba yake, na yule mfupi, na wengine wa ukoo ule waliofuata. Alisimulia vizuri, hata mimi niliyeishi naye sikuwahi kumsikia akisimulia vile. Mpima mizani alisikiliza mpaka mwisho. Aliwahi kupima mizani za maabara ya chuo kile, anakijua.

"Bwana fundi," akasema, "Dini pale si jina la mtu. Ni cheo. Ni mkuu wa kitivo. Anayekaa ofisi ile, yeyote, ndiye Dini. Akitoka anakiacha hapo hapo."

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule mama?"

"Hata yeye."

"Kwa hiyo hawana undugu."

"Hawana."

Mume wangu akachukua glasi ya maji, akainywa yote, akairudisha mezani bila kelele. Nilitaka kumshika mkono lakini mbele za wakwe haifai. Baadaye akauliza swali moja, wala hakumuuliza mtu.

"Sasa yule aliyekaa na mimi kwenye benchi aliitwa nani?"

Hakuna aliyejua.

Hapo ndipo binti aliposogea. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, sijui tangu saa ngapi. Akaomba ruhusa kwa baba yake aseme. Akasema jina la kweli la Fundi Baridi alilijua mwezi wa kwanza tu, aliuona mkebe wake wa spana umeandikwa, na kwa kuwa anauza vitabu alitafuta kitabu cha majina akalisoma. Huko kwa wenyewe, akasema, watu wanaitwa hivyo kweli, wanaume kwa wanawake, ingawa zaidi ni wanaume. Kwanza lilikuwa jina la ukoo. Wengine waliitwa hivyo kwa sababu babu zao walikaa bondeni, neno lao la kale la bonde linafanana hivyo. Wengine kwa sababu babu alikuwa na cheo hicho kanisani, au alimtumikia mwenye cheo. Watu wakazoea, likawa jina la ukoo, na hatimaye wakaanza kuwapa watoto wao kama jina la kwanza.

"Kwa hiyo baba hakukosea," akasema, na alimaanisha mume wangu, nami nikalisikia hilo neno baba likipita sebuleni. "Alifanya walichofanya wao. Waliona cheo mlangoni, wakampa mtoto."

Mume wangu akainua uso. Akauliza cheo chenyewe asili yake ni nini.

"Kilatini, baba. Msimamizi wa watu kumi."

"Kumi tu?"

"Kumi."

Nilijua anafikiria chuo kizima, maghorofa na milango yake yote. Lakini kumi ni watu, si haba.

Mpima mizani hakushawishika. Alisema historia ni nzuri, ila yeye hatasimama kuwasomea wageni historia ya bonde. Akaomba cheti. Nilikuwa nacho kwenye mkoba, natembea nacho kila mahali, na ninyi tembeeni navyo. Akavaa miwani, akasoma herufi moja moja kama anayesoma mizani. Uso ukamfunguka.

"De-a-ni," akasema. "Mbona limeandikwa Deani? Kwa Kiswahili herufi hazifichwi. Nitasema binti yangu anaolewa na Deani. Cheti hakijaongopewa, na watu hawatanipa pole. Tumemaliza."

Shangazi akakubali. Mimi nilikubali kabla yake, ningekubali hata Kabati. Mume wangu akasema kwa sauti ndogo, kama cheo kimeshavuliwa na ukoo umekufa, basi waite wanavyotaka. Binti peke yake hakukubali. Alisema alishajaribu.

"Nilimwita hivyo wiki nzima, baba, nikidhani litakuwa rahisi kwenu. Hageuki. Mimi ndiye nitakayemwita maisha yangu yote. Nitamwita moto ukiwaka jikoni, na mtoto akianguka. Nitamwita mara ngapi ndipo akumbuke ni yeye?"

Baba yake ni mtu asiyeamini neno bila kupima. Akasimama, akaenda mpaka barazani, sisi nyuma yake. Ng'ambo ya barabara mwanangu alikuwa ametupa kisogo, anamsaidia mwosha magari kukunja mpira wa maji. Mtu wa kungoja posa, na bado mikono inatafuta kazi.

"Deani!" mpima mizani akaita.

Akageuka mwosha magari. Mwanangu akaendelea kukunja.

"Deani!" Akageuka mwanamke mwenye ndoo. Mbwa akageuka. Nilitaka kumpungia mkono, nimfanyie ishara aitike tu, aitike chochote, ndoa hii hapa inapita. Shangazi akanishika kiwiko kunizuia. Kipimo hakiguswi.

Mpima mizani alisimama pale, mikono nyuma. Nikamwona anatazama barabara upande huu na upande huu, kama mtu anayetaka kuvuka. Kulikuwa na watu wengi. Wanaomjua. Watu aliowafungia mizani.

"Dini!" akaita, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. "Dini, njoo kwangu!"

Barabara nzima ilisimama. Muuza viatu mmoja akavua kofia. Na mwanangu akauachia mpira wa maji ukamwagikia miguuni, akageuka papo hapo, uso umemparama kwa hofu.

"Naam, baba," akasema, na akaja mbio.

Mpima mizani alimngoja mpaka akafika barazani, amelowa magoti, anahema. Akamtazama juu mpaka chini. Kisha akatugeukia, akasema ameshamwita mbele ya watu, na kijana ameshamwitika baba, sasa hilo halirudishwi tena. Akamwambia binti yake alete maji ya kunywa, na taulo.

Harusi ilifuata. Mpima mizani alisimama mbele ya wageni, suti imemkaa sawa, niliishona mimi. Alisema kila neno kwa uzito wake, bila kupunguza. Alisema leo binti yake anaolewa na Dini. Wanaojua walitazama chini. Wasiojua walipiga makofi kwa adabu, makofi laini, ya watu wanaomwonea mtu huruma na kumheshimu kwa pamoja.

Mama mmoja wa kiti cha nyuma yangu, ambaye sikumjua, aliniinamia sikioni.

"Mwenzangu," akasema, "na bwana harusi bado atakuja, au kwa mambo haya huwa hakuna?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ni yule pale, nikamwambia, anayecheka. Ni wangu.